Mapambo Si Ulimwengu

Kuna rai mbili zinazosikika siku hizi juu ya michezo ya video, ambayo vijana wetu huiita gemu. Rai ya kwanza ni ya wazee na baadhi ya walimu: kwamba michezo hiyo ni upuuzi mtupu, na kwamba mlezi wa utamaduni wa taifa hana haja ya kuitazama ila kwa nia ya kuipiga marufuku. Rai ya pili ni ya vijana wenyewe, hasa wale wanaotamani kuitunga: kwamba ili mchezo uwe wa Kiafrika, au wa Kitanzania, yatosha kuutia majina ya Kiswahili, ngoma mbili tatu, kinyago cha Kimakonde na mbuyu wakati wa machweo. Makala haya yanazipinga rai zote mbili. Ya kwanza inatutoa uwanjani kabla mchezo haujaanza. Ya pili inatuingiza uwanjani tumevaa jezi mpya, tukadhani kwamba kuvaa jezi ndiko kucheza.

Nianze na wazee wenzangu. Apitaye Ruangwa mjini au Nachingwea wakati wa jioni ataviona vibanda ambamo vijana hulipa fedha kidogo ili wacheze kwa dakika kadhaa mbele ya runinga. Aghalabu wanacheza kandanda, na timu wanazozichagua ni za Ulaya. Kijana aliyezaliwa karibu na uwanja wa Namungo, timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, huweza kukutajia walinzi wote wa Barcelona bila kujikwaa. Mzee hupita, hutikisa kichwa, husema "uhuni", kisha huenda zake. Je, kwa neno hilo moja amelinda nini? Kijana bado yumo kibandani. Hadithi anazozipokea humo bado zinaingia akilini mwake. Lililobadilika ni moja tu, nalo ni kwamba mzee hayupo.

Desemba 1962, Jamhuri ilipozaliwa, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika hotuba yake alisikitika kwamba wengi wetu tulizijua dansi za Wazungu kuliko ngoma za baba zetu. Lakini hotuba hiyo hiyo haikutuamuru tujifungie milango. Ilikubali kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa mataifa mengine halina busara. Tena utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja. Mlezi wa utamaduni ambaye hataki kujua vijana wanapitisha wapi jioni zao ameligawa paa hilo kwa msumeno.

Sisemi kwamba michezo yote ni mema. Ipo inayokula muda wa masomo, na zipo mashine za kamari zinazojificha chini ya jina la mchezo, nazo zastahili hukumu yake. Lakini hatuikatai fasihi yote kwa sababu kuna vitabu vibaya. Tunachofanya ni kuweka vipimo, kisha tunapima. Swali la makala haya basi ni la kipimo: ni kitu gani kinachoufanya ulimwengu wa mchezo wa video, pamoja na hadithi yake, uwe tajiri, hata mchezaji akiuacha ahisi ametoka mahali palipo na watu?

Jibu langu ni fupi, na sehemu iliyobaki nitaitumia kulitetea. Utajiri wa ulimwengu wa mchezo haumo katika wingi wa majina yake, wala ukubwa wa ramani yake, wala uzuri wa picha zake. Umo katika kanuni zake. Ulimwengu ni tajiri pale ambapo kila kilichomo kina sababu ya kuwamo na kina matokeo kikiguswa: pale ambapo mila ni jambo linalomzuia mchezaji, linalomgharimu, linalomsaidia au kumwaibisha. Mila isiyomzuia mtu kitu chochote katika mchezo haijaingia katika mchezo huo. Imetundikwa ukutani tu, kama kalenda ya mwaka jana.

Kwa nini kanuni? Kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya sanaa hii. Msomaji wa riwaya husoma, na mtazamaji wa sinema hutazama, mchezaji hutenda. Yu karibu zaidi na msikilizaji wa ngano zetu, ambaye msimulizi akisema "Paukwa" hana budi kuitika "Pakawa", la sivyo hadithi haiendelei. Sanaa ambayo mpokeaji wake hutenda, maana yake hukaa katika vile vitendo: anaruhusiwa kufanya nini, anakatazwa nini, na akifanya hutokea nini. Mtunzi anayeyasahau haya akashughulikia sura na mavazi pekee ni kama mshairi anayekusanya maneno magumu ya lugha ya kale akayarundika pasipo vina wala mizani. Sisi tutungao mashairi twawajua watu hao. Beti zao hung'aa machoni, lakini hazikai kinywani.

Sasa tuitazame rai ya pili kwa mifano, maana hoja bila mfano ni chungu bila maji.

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo uitwao Resident Evil 5. Hadithi yake hutokea katika mahali pa kubuni paitwapo Kijuju, ambapo mchezo wenyewe unapaweka Afrika ya Magharibi. Wenyeji wa Kijuju wameambukizwa vijidudu, wamepoteza utu wao, na wanamkimbilia shujaa mgeni ili wamuue. Wameitwa Majini, na wanapopiga kelele hupiga kelele kwa Kiswahili. Fikirini, walimu wa lugha hii mlio darasani: lugha ya mwambao wa mashariki imewekwa midomoni mwa watu wa magharibi ya bara, kwa kazi ya kutisha tu. Mchezo huo ulizusha mabishano juu ya ubaguzi wa rangi hata kabla haujatoka, tangu picha zake za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007, na mabishano yale yalikuwa ya haki. Lakini mimi naongeza kosa la pili, ambalo ni la kisanaa. Kiswahili cha Kijuju hakina kazi. Kiondoe, weka lugha nyingine yoyote ambayo mchezaji haielewi, na hakuna kitakachobadilika.

Mfano wa pili hauna ubaya huo, bali una upungufu ule ule. Katika Halo 2, mchezo wa Marekani wa mwaka 2004, vita vinapiganwa katika Mombasa Mpya ya mwaka 2552, na miongoni mwa viwanja vya kushindania kuna kimoja kiitwacho Zanzibar. Vijana wetu wengi hufurahi wakiyaona majina hayo, na furaha hiyo naielewa. Lakini mwulize mchezaji: ukiwa katika Mombasa ile, ni jambo gani unalotakiwa kulijua ambalo mtu wa mji mwingine halijui? Atanyamaza. Jina lingeweza kuwa la bandari nyingine yoyote duniani, na risasi zingelia vile vile.

Mfano wa tatu ni mtamu zaidi. Mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005 ulifunguliwa kwa wimbo wa "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungiwa muziki na Christopher Tin wa Marekani. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa video. Wimbo ni mzuri kwelikweli, na hakuna haja ya kuuonea haya. Lakini umesimama mlangoni. Ukiingia ndani, nyumba ni ile ile ambayo ingekuwamo kama mlangoni pangeimbwa kwa Kilatini. Baadaye, katika Civilization VI wa mwaka 2016, Zanzibar imo kama mji unaojitawala, nao humpa mshirika wake mkuu karafuu na mdalasini. Hapa angalau jina limefungwa kwenye kanuni: huwezi kuipata faida ile kutoka mji mwingine. Ni mbegu ya utajiri. Lakini imebaki mbegu, kwa kuwa mikono iliyochuma karafuu haimo, wala jasho lake, wala minyororo yake.

Kutokana na mifano hii tupate kipimo ambacho hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kukitumia. Nakiita kipimo cha kubadilisha jina. Chukua jina, vazi, ngoma au mila iliyomo katika mchezo. Iondoe, uweke ya taifa jingine. Ikiwa mchezaji ataendelea kucheza vile vile, basi ile ilikuwa pambo. Ikiwa mchezo utavunjika, au utageuka kuwa mchezo mwingine, basi ile ilikuwa sehemu ya ulimwengu.

Watasema wengine kwamba kipimo hiki ni cha wakubwa, wenye mitambo na mamilioni. La hasha! Kipimo hiki kilishafaulu chini ya miembe yetu. Tazameni bao la Kiswahili. Lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Hapana picha, hapana sauti ila mlio wa kete na maneno ya watazamaji. Hata hivyo ni ulimwengu. Kuna nyumba, shimo lililo tofauti na mengine, ambalo huanza na kete 6, nalo lina heshima yake. Maadamu nyumba ipo, mchezaji akifika ndani yake katika kula aweza kusimama, au aweza kusafiri kwa kete zote zilizomo. Lakini akisafiri nyumba haiwi nyumba tena; inabaki shimo kama mashimo mengine. Kuna wakati wa namua, ambapo kete huingizwa moja moja, na kuna wakati wa mtaji, ambapo huna tena akiba mkononi na lazima uishi kwa ulichokwisha kukipanda. Mtu hushindwa safu yake ya mbele ikiwa tupu, watu wakasema hamna.

Jaribuni kipimo. Ondoeni neno "nyumba" mkaliita shimo lile "ngome". Mara moja maana imepotoka, kwa sababu anayeondoka ngomeni huweza kuirudia, lakini aliyeivunja nyumba yake akaenda safari na mali yake yote hairudii kama ilivyokuwa. Neno na kanuni vimeshikana kama nyama na ukucha. Hakuna aliyeandika hadithi katika bao, na hata hivyo kila mchezo mmoja wa bao ni hadithi ya mwenye nyumba: alijilimbikizia, akaogopa kusafiri, akasafiri kwa kuchelewa, akafilisika. Wazee wetu waliutajirisha ulimwengu mzima kwa vipande vya mbao na kete za komwe. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba tunahitaji kwanza mitambo.

Mitambo ikija, kanuni ni ile ile. Mchezo wa Kijapani uitwao The Legend of Zelda: Breath of the Wild, uliotolewa na Nintendo mwaka 2017, husifiwa duniani kote kwa ulimwengu wake. Watu hudhani husifiwa kwa ukubwa. Mimi nasema husifiwa kwa mvua. Humo mvua ikinyesha miamba huteleza, na mkweaji huporomoka. Radi zikianza, aliyebeba silaha ya chuma huzivuta zimpige. Majani yakishika moto, hewa ya moto humwinua juu mwenye kitambaa cha kuelea. Hakuna aliyemhutubia mtoto juu ya mambo hayo. Ameloa, ameteleza, amejifunza. Mvua ya mchezo maskini ni picha ya mvua. Mvua ya mchezo tajiri humlazimisha mtu atafute pango.

Ikiwa mvua yaweza kuwa kanuni, basi mila nayo yaweza. Hili limeshathibitishwa na watu wachache kuliko wakazi wa wilaya moja ya kwetu. Mwaka 2014 Waiñupiat, wenyeji wa kaskazini ya Alaska, walishirikiana na watengenezaji kutoa mchezo uitwao Never Alone, ambao wao wanauita Kisima Ingitchuna. Baraza la wenyeji la Cook Inlet ndilo lililoianzisha kazi hiyo. Wazee na wasimulizi walikaa na mafundi. Hadithi yake ilitokana na ngano ya msimulizi Robert Nasruk Cleveland, na masimulizi ndani ya mchezo ni ya lugha yao wenyewe. Humo kuna binti aitwaye Nuna na mbweha mweupe, wanaotafuta chanzo cha tufani isiyokoma. Upepo ukivuma kwa nguvu mchezaji hana budi kuinama na kung'ang'ania barafu, la sivyo hupeperushwa. Tena peke yake hafiki popote: binti hufanya asiloliweza mbweha, na mbweha asiloliweza binti. Falsafa ya jamii ile, kwamba mtu haishi bila wenzake wala bila wanyama, haikuandikwa katika bango. Imewekwa vidoleni mwa mchezaji.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2024 ulitoka mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, uliobuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake. Mchezaji aweza kuchagua kuusikiliza kwa Kiswahili, na safari hii Kiswahili ni lugha ya watu wanaopenda, wanaolia na wanaosameheana, si ya mazimwi. Kijana Zau amepatana na Kalunga, mungu wa mauti, ampelekee roho tatu kubwa ili arudishiwe baba yake. Kuna wakosoaji watakaosema kwamba majina yake yameokotwa kutoka kila pembe ya bara: Kalunga kutoka pande za Kongo na Angola, Impundulu yule ndege wa radi kutoka kusini. Si dhambi kuchanganya; Kiswahili chenyewe kimechanganya. Ninalopima ni je, kilichochanganywa kinatenda kazi? Na humo ninaona jambo moja linalotenda kazi sawasawa: Zau hukaa chini ya mbuyu, akautafakari msiba wake, na kutafakari huko humwongezea uhai. Kukaa kimya na huzuni ni kanuni ya nguvu humo. Hilo halikuazimwa kwa mtu.

Lakini ona hadithi hiyo inavyoanza: baba amekufa, mwana anamlilia baba, urithi unatoka kwa baba. Leteni sasa hadithi hiyo Ruangwa, kwa Wamwera, au kwa jirani zetu Wayao, Wamakonde na Wamakua, ambao kwa asili ukoo wao hufuata upande wa mama. Hapa mwenye neno juu ya kijana ni mjomba. Kijana akifiwa na baba hulia, lakini akifiwa na mjomba hutikisika msingi wake. Mchezaji atakayeitunga safari ya Zau kwa mila ya Wamwera atalazimika kuuliza maswali mapya: shamba la baba lina haki gani kwa mwana? Mjomba akimwita kijana aende kwake, na mama anamtaka abaki, nani asikilizwe? Na yule binti, dada wa kijana, ambaye watoto wake ndio watakaouendeleza ukoo, thamani yake ni ipi? Kwa kubadilisha kanuni moja ya ukoo, hadithi nzima imegeuka. Huo ndio utajiri, na haukugharimu picha hata moja.

Au tuchukue korosho, ambayo kila mwanafunzi wa Lindi na Mtwara anaijua bila kitabu. Mikorosho inapochanua hushambuliwa na ubwiriunga, na asiye na salfa hupoteza maua. Kabla ya mavuno kuna miezi mikavu ambayo ghala la chakula ni tupu. Hapo ndipo hutokea mtu wa kangomba, anunuaye kwa bakuli na kwa bei ya chini korosho ambayo bado haijaanguka mtini. Biashara hiyo Serikali imeikataza, na tangu mwaka 2007 ulipoanzishwa mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hutakiwa kupeleka zao lake katika ghala na kusubiri mnada. Lakini njaa haijui mnada. Mtunzi wa mapambo atachora mkorosho, amweke chini yake mzee mwenye mvi, kisha aende zake. Mtunzi wa ulimwengu atampa mchezaji watoto wawili wanaoumwa na njaa, salfa nusu mfuko, na mtu wa kangomba ambaye si jini wala zimwi. Ni jirani, tena ndiye aliyetoa sanda msiba ulipotokea mwaka uliopita. Sasa cheza! Ukiuza, msimu ujao huna fedha ya salfa, na maua yatakauka. Ukikataa, leo usiku mtoto analala na njaa, na jirani atakumbuka. Hapana haja ya bunduki wala jini. Kuna mchezaji, kanuni tatu, na moyo unaodunda.

Nitaongeza mfano wa historia, kwa ajili ya walimu wa somo hilo. Mkoani kwetu Lindi ndipo lilipo Tendaguru. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbua huko mifupa ya mijusi mikubwa ya kale. Mmoja umesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mtunzi mwenye haraka ataufufua mjusi huyo ili umkimbize shujaa. Lakini ulimwengu uliofichika pale si wa mjusi. Ni wa watu waliochimba na waliobeba mifupa ile vichwani hadi bandari ya Lindi, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kwisha mwaka 1907, vita ambavyo Wajerumani walivizima kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Mpe mchezaji mzigo ule kichwani. Kila hatua aendayo ni ujira, na kila siku aliyo njiani ni siku ambayo shamba lake halilimwi. Tena anambebea mtu ambaye askari wake walimchomea ghala. Usimwambie ahisi nini. Mwache atembee.

Naam, mwache. Maana utajiri wa ulimwengu una sharti moja zaidi, nalo ni unyamavu. Mtunzi anayeeleza kila kitu amemfanya mchezaji mgeni wa kudumu. Hidetaka Miyazaki, mtunzi wa Kijapani wa mchezo wa Dark Souls wa mwaka 2011, amesimulia kwamba utotoni alisoma vitabu ambavyo hakuvielewa vyote, akawa anajaza mapengo kwa fikra zake, na michezo yake imejengwa kwa mapengo ya namna hiyo. Sisi hatuhitaji kwenda Japani kulijua hilo. Kitendawili ni pengo lililotegwa. Jando na unyago ni shule ambazo mafunzo yake hutolewa hatua kwa hatua, kwa wimbo na kwa ishara, na asiyefikia hatua yake haambiwi. Mchezo unaoiweka ngoma ya jando wazi kwa kila apitaye, ili apige picha, umeifanya kinyume cha ilivyo. Mchezo unaomfungia mchezaji mlango mpaka astahili kuingia umeielewa, hata kama hautaji neno jando.

Yako mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza husema: vijana wanataka raha, na ninyi mnawaletea madeni ya korosho na wajomba. Nami najibu: raha ya bao ni nini ikiwa si hofu ya kupoteza nyumba? Mtu hastarehe katika ulimwengu ambao hakuna kinachoweza kupotea. Pingamizi la pili husema: hatuna mafundi. Hilo nalo linapungua nguvu kila mwaka. Katuni za Ubongo Kids, zilizotungwa Dar es Salaam, zimekuwa zikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Mafundi watapatikana. Swali ni watakapopatikana watakuta tumewaandalia nini: kanuni za maisha yetu, au orodha ya majina na mavazi?

Hapa ndipo penye hatari halisi. Kwa miaka mingi korosho yetu iliyo nyingi imesafirishwa ikiwa ghafi, ikabanguliwa India na Vietnam, na faida ya kubangua ikabaki huko. Mifupa ya Tendaguru iko Berlin. Ardhi ya Chilalo, hapa Ruangwa, ina madini ya kinywe, ambayo hutumika katika betri za simu na za mashine hizo hizo za kuchezea. Jina, kinyago, ngoma na methali zikitolewa bila kanuni zake ni malighafi vile vile. Mgeni atazichukua, atazibangua kwa kanuni zake mwenyewe, kisha atatuuzia mchezo ambamo sisi ni Majini wa Kijuju. Nasi tutakuwa hatuna la kulalamikia, kwa kuwa tuliposhika kalamu sisi wenyewe tulifanya lile lile: tulipamba.

Kwa hiyo nawaomba walimu wabadilishe zoezi moja tu. Mwanafunzi anapotumwa kwa wazee kukusanya mila, asirudi na orodha. Arudi na majibu ya maswali haya: jambo hili linamruhusu nani, na linamkataza nani? Lina gharama gani? Likivunjwa, nani huumia, na hurekebishwa vipi? Na ni nini kisichosemwa mbele ya mgeni? Daftari lenye majibu hayo ni mchezo ambao haujapata mashine. Na ninyi wanafunzi, mnapotoka vibandani jioni, msione haya kwamba mmecheza. Oneni haya ikiwa mmecheza bila kupima. Ulizeni kila mchezo kama ningelibadilisha jina la mahali pake, je, ungekufa? Kisha chukueni karatasi na penseli, mwandike kanuni ya kwanza ya mchezo wa Ruangwa, ule ambao jina lake likibadilishwa hauwezi kuchezwa tena.